Kuhamia nje wawili mkiwa na laptopu: mwongozo kamili kwa wanandoa wa Mwanza

Siku hizi Mwanza haikosi nyumba ambayo mke anafundisha Kiswahili kwa video sebuleni na mume anashika hesabu za duka la Uingereza chumbani. Na haikosi jioni ambayo mmoja wao anauliza: kama kazi yote iko kwenye laptopu, kwa nini tusikae Mauritius au Malaysia mwaka mmoja?

Wengi wanaoniandikia wamekwama mahali pamoja. Wamekwisha kuuza friji na kabati, wamekata tiketi, halafu ombi la viza la mmoja linapita na la mwenzake linarudishwa. Ukichunguza unakuta karatasi ziliandaliwa kwa mtu mmoja, na wa pili akaambatanishwa kama begi la mkononi. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inafanywa kwa watu wawili, na mpangilio wake una sababu. Msiruke.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vitambulisho vya NIDA, viwili.
- Vyeti vya kuzaliwa vya RITA, viwili.
- Cheti cha ndoa.
- Pasipoti mbili za kielektroniki. Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa mtu, na inadumu miaka 10.
- Akaunti mbili za benki, kila mtu na ya kwake, zenye kadi ya Visa au Mastercard.
- Namba ya mlipakodi, yaani TIN, kwa kila mmoja.
- Mikataba au barua za wateja.
- Laptopu mbili. Kugawana moja kwa zamu hakutafika wiki ya pili.
- Kadi za chanjo ya homa ya manjano.
- Akiba ya matumizi ya miezi sita ya nchi mnayokwenda, na pembeni yake nauli za kurudi za watu wawili. Fedha ya nauli ikae kwenye akaunti ambayo hamuigusi.

Muda: jipeni miezi nane hadi mwaka. Anayewaahidi wiki sita ana kitu anauza.

## Hatua ya 1: Sawazisheni majina

Anzeni hapa kwa sababu kosa la jina hujirudia kwenye kila karatasi itakayofuata.

Kaeni mezani, tandazeni nyaraka zote za mmoja: cheti cha kuzaliwa, NIDA, cheti cha shule, cheti cha ndoa, kadi ya benki. Someni herufi kwa herufi. Mtakuta Magreth kwenye kimoja, Margaret kwenye kingine. Mtakuta jina la babu limeingia NIDA na halimo kwenye cheti cha kuzaliwa.

Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna tatizo la ziada: majina ya Kisukuma yenye ng'. Karani mmoja ameandika Ng'wandu, mwingine Ngwandu, wa tatu ameona bora aandike Mwandu. Tena ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, inayosomwa na mashine, haibebi alama ya ritifaa kabisa. Kwa hiyo Ng'wandu hutokea NGWANDU. Hilo halina shida, mradi tiketi na fomu za viza mzijaze kwa kufuata mistari hiyo na kadi ya benki isiwe na jina la tatu.

Mke aliyebadili jina baada ya ndoa achague sasa: ama karatasi zote zifuate jina jipya, ama zote zibaki na la zamani. Nusu kwa nusu ndiyo inayowaponza watu.

Tofauti ndogo hurekebishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati rasmi ya kubadili jina iliyosajiliwa. Rekebisheni kwanza NIDA, ndipo muombe pasipoti, kwa sababu ombi la pasipoti linavuta taarifa zenu kutoka huko.

Mmemaliza hatua hii mtu asiyewajua anapopewa karatasi zote akazipanga mafungu mawili, la mume na la mke, bila kuuliza swali.

## Hatua ya 2: Ndoa iwe na cheti

Mahari ilitolewa, ng'ombe wakahesabiwa, wazee wakabariki, mnaishi pamoja tangu zamani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kimila. Hata wanaume na wanawake walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mke na mume, sheria hiyo inawadhania kuwa wana ndoa. Lakini ofisa wa viza hatapiga simu Magu kumuuliza mjomba. Anataka cheti.

Walioolewa kanisani au msikitini wahakikishe ndoa imesajiliwa na cheti chao kinasomeka. Wasio na cheti waende bomani, ofisi ya wilaya: Nyamagana au Ilemela kulingana na mnakoishi. Sheria inadai taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, basi msiende wiki ya safari.

Kisha uthibitisho. Nchi nyingi hazipokei cheti cha Tanzania kikiwa peke yake. Kwa kawaida kinathibitishwa na mamlaka iliyokitoa, kinapigwa muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, halafu kinapita ubalozi wa nchi husika. Karatasi iliyoandikwa Kiswahili pekee itafsiriwe rasmi. BAKITA wanafanya kazi hiyo.

Wachumba ambao hawajaoana, kila mmoja aombe viza yake kwa kipato chake. Nchi chache zinamkubali mchumba kama mtegemezi, na zinazomkubali hudai ushahidi mwingi.

## Hatua ya 3: Kipato kionekane benki

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wengi wetu tunapata fedha, ila haionekani. Mteja analipa kwa rafiki aliye nje, rafiki anatuma kwa simu, nusu inaingia kwenye laini ya dada, nyingine inapokelewa taslimu. Mwisho wa mwezi mmekula, mmelipa kodi ya nyumba, mmetuma nyumbani. Ofisa akifungua stetimenti yako anaona akaunti iliyolala.

Fanyeni hivi, angalau miezi sita kabla ya kuomba viza:

Kila mmoja apokee kwenye akaunti yake. Ulizeni benki kuhusu akaunti ya dola, maana vigezo vya viza hutajwa kwa dola au yuro. Kabla ya kukubaliana na mteja njia ya malipo, jiridhisheni kwamba njia hiyo inamruhusu mwenye akaunti ya Tanzania kupokea. Zipo zinazoruhusu kutuma tu.

Kila malipo yawe na ankara. Namba, tarehe, jina la mteja, kiasi. Ankara ikisema dola 620 na benki ikaonyesha 601, andika pembeni makato ni ya nini. Ofisa anapenda hesabu zinazoongea lugha moja.

Pateni barua ya mteja au mwajiri. Barua iseme mambo manne: unafanya kazi gani, tangu lini, unalipwa kiasi gani, na kwamba unaruhusiwa kuifanya ukiwa nchi nyingine. La nne ndilo husahaulika, na bila hilo mkataba mzuri hauwasaidii kitu. Mwajiri wa Tanzania naye anafaa, kwa sababu nchi nyingi zinachodai ni kwamba fedha itoke nje ya kwao.

Msiazime fedha ya kuonyesha. Milioni kumi kutoka kwa kaka zikiingia Jumatatu na stetimenti ikachapishwa Ijumaa, mtu yeyote anayesoma stetimenti kwa kazi ataona. Ombi lililokataliwa kwa sababu hiyo hubaki kwenye kumbukumbu na litaulizwa kwenye fomu ya nchi inayofuata.

Swali ninaloulizwa sana: nani awe mwombaji mkuu? Mwenye stetimenti tulivu, si lazima mwenye fedha nyingi. Anayepata dola 1,700 kila mwezi anaaminika kuliko anayepata 4,000 mwezi huu na sifuri mwezi ujao. Na kama wote wawili mnafikia kiwango, kila mtu aombe peke yake. Mtegemezi anaishi kwa viza ya mwenzake: mkuu akipoteza kazi, wote wawili mnapoteza ukaazi. Tena mtegemezi mara nyingi hana ruhusa ya wazi ya kufanya kazi.

Dalili ya mafanikio: miezi sita ya stetimenti, mbili, ambazo kila tarakimu kubwa ina ankara yake.

## Hatua ya 4: Chagueni nchi kwa vigezo

Nchi ichaguliwe sasa, baada ya kujua kipato kinachoonekana ni kiasi gani. Wanaoanza na picha za fukwe huishia kulinganisha fukwe.

Mauritius. Viza yao ya Premium ilianzishwa 2020. Ni ya mwaka mmoja na inaongezwa. Kipato kinachotakiwa ni dola 1,500 kwa mwezi, karibu shilingi milioni nne. Hamruhusiwi kuingia soko la ajira la huko. Ipo orodha ya nchi ambazo raia wake wanaweza kuomba, isomeni siku mnayoomba. Saa zao zimetutangulia saa moja tu. Kwa wanaotoka mara ya kwanza, mimi ningeanzia hapa.

Namibia. Viza yao ya kazi za mtandaoni ilianza 2022 na ni ya miezi sita. Kipato ni dola 2,000 kwa mwezi kwa mwombaji, na 1,000 zaidi kwa mwenza. Hesabu ya wawili basi ni dola 3,000. Wengi husoma mstari wa kwanza wakaacha wa pili.

Malaysia. Programu inaitwa DE Rantau, ya miezi 3 hadi 12, na inaweza kuongezwa mwaka mwingine. Kazi za teknolojia zinadai dola 24,000 kwa mwaka, zisizo za teknolojia 60,000. Mwenza anaingia kama mtegemezi. Soketi zao ni zile zile za pini tatu za mraba tunazotumia hapa, na chakula halali kiko kila kona.

Thailand. Viza ya DTV ilianza Julai 2024. Inadumu miaka mitano, kila kuingia siku 180. Haidai kiwango cha mshahara. Inadai akiba ya bati 500,000, zaidi ya shilingi milioni 35, na mwenza anapewa viza yake kama mtegemezi, kwa ada yake. Inawafaa wenye akiba kuliko wenye mshahara.

Dubai inataka dola 3,500 kwa mwezi. Ureno inataka mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa kwao, na kima hicho hupanda karibu kila mwaka.

Kuna nchi ambazo hupendekezwa kwenye video nyingi lakini pasipoti yetu haimo. Programu ya Cabo Verde, kwa mfano, iliwekwa kwa raia wa Ulaya, Amerika Kaskazini, nchi zinazozungumza Kireno na ECOWAS, yaani jumuiya ya Afrika Magharibi. Video iliyotengenezwa na Mmarekani haitawaambia hilo.

Halafu tazameni saa. Mteja wa New York anayeanza kazi saa tatu asubuhi kwake, wakati wa baridi huwa saa kumi na moja jioni Mwanza. Kuala Lumpur ni saa nne usiku. Zamu ya masaa manane itaisha saa kumi na mbili asubuhi, kila siku ya kazi, msimu mzima. Kama mke ana wateja wa Marekani na mume ana wateja wa London, Malaysia itawafanya mpishane mlangoni na miswaki mdomoni. Choreni masaa ya wote wawili kwenye karatasi moja, kwa saa za nchi mnayoitaka, kabla hamjaipenda.

## Hatua ya 5: Jaribuni hapa, kisha jirani

Kwanza jaribio la nyumbani, halina gharama. Kwa wiki nzima ishini kwenye chumba kimoja cha nyumba yenu. Meza moja, kitanda kimoja, laptopu mbili, mlango umefungwa. Chumba mtakachokimudu mwezi wa kwanza nje kitakuwa hivyo.

Wote wawili mpige simu ya video kwa wakati mmoja. Pimeni intaneti, na msiangalie kasi ya kushusha peke yake. Inayowakwamisha ni kasi ya kupakia. Kwa simu mbili safi za video tafuteni kasi ya kupakia ya megabiti 8 kwa sekunde, isiyoyumba. Mtagundua pia nani anaongea kwa sauti kubwa, nani anavaa spika za masikio na nani anadai hazimkai. Umeme ukikatika ndiyo bahati yenu: mtajua rauta inazimika baada ya dakika ngapi na bando la simu linabeba simu ngapi.

Baadaye vukeni mpaka. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inamruhusu raia wa Tanzania kuingia Rwanda, Uganda au Kenya bila viza na kupewa hadi miezi sita. Kutoka Nyegezi mnapanda basi, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ule mwanzo wa safari wa kusubiri kivuko umeisha. Mnapita Geita, mnatokea Rusumo, mnaingia Rwanda. Wanaopenda Kampala wapitie Bukoba na Mutukula.

Kaeni mwezi. Msichukue kazi ya mteja wa hapo, kwa sababu ruhusa ya kuingia si kibali cha kazi. Lengo ni kuona kama mnaweza kutafuta chumba mji msioujua, kulipa kwa kadi, kuugua mafua mbali na mama, na bado kazi ikaenda kwa wakati. Kigali iko nyuma yetu saa moja tu, hivyo wateja hawatahisi kitu.

Kinachotafutwa ni hiki: mwezi umeisha, hakuna mteja aliyelalamika, matumizi hayakuzidi bajeti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na bado mnaongea vizuri. Kama mmerudi mnanuniana, ongezeni mwezi mwingine kabla ya kuvuka bahari. Tiketi ya basi ni rahisi kuliko ya ndege.

## Hatua ya 6: Kodi, mikopo na vikoba

Kuvuka mpaka hakuwaondoi TRA. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, unahesabiwa mkaazi ukiwa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Unahesabiwa pia ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania na ukawa nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, hata kwa wiki ya Krismasi. Mkaazi hutozwa kwa kipato chake cha popote duniani.

Nchi mnayokwenda nayo ina hesabu yake. Thailand inakufanya mkaazi wa kodi ukifikisha siku 180, Mauritius ukifikisha 183. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kodi mara mbili na nchi chache, zikiwemo India, Afrika Kusini, Zambia, Canada na Italia. Mauritius, Malaysia na Thailand hazimo. Lipieni mshauri wa kodi saa moja kabla ya kuondoka, mkiwa na stetimenti zenu mkononi.

Mengine ni mafupi. Deni la mkopo wa chuo la HESLB linaendelea. Uchangiaji wa hiari wa NSSF unaweza kuendelea. Kadi ya NHIF haitawatibu huko.

Kikoba kinahitaji heshima yake. Maliza mzunguko, au tafuta wa kushika nafasi yako mbele ya wanachama. Na kama mmemdhamini mtu SACCOS, muulizeni amebakiza kiasi gani, kwa sababu akishindwa watawatafuta ninyi, na nyumbani kwa wazazi ndiko watakakoanzia.

## Hatua ya 7: Laini ya simu isife

Hatua ndogo, madhara makubwa. Benki inapotuma namba ya siri ya kuthibitisha malipo, inaituma kwenye laini yako ya Tanzania. Laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chako na NIDA yako. Ikikaa miezi bila kutumika, kampuni huifunga na namba anaweza kupewa mtu mwingine. Kuirudisha kunahitaji kidole chako dukani, na kidole kiko Penang, Malaysia.

Kwa hiyo:

1. Washeni huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kupanda ndege, na zimeni data yake ili isiwale salio.
2. Wekeni vocha kila mwezi na mtume ujumbe mmoja, kwa kila laini. Andikeni kwenye kalenda.
3. Laini zenu mbili ziwe za kampuni mbili tofauti. Mtandao mmoja ukigoma, mwingine unapokea.
4. Iambieni benki nchi na tarehe. Kadi inayotumika ghafla Port Louis huzuiwa kwa tuhuma ya wizi.
5. Kila mmoja ajue namna ya kuingia akaunti yake mwenyewe. Nyumba ambayo mume ndiye anajua namba zote za siri ina mke mmoja asiye na fedha siku simu ya mume ikiibwa.

Jaribio la hatua hii lifanyeni kwenye ule mwezi wa jirani wa Hatua ya 5: kila mtu anunue kitu cha bei ndogo mtandaoni kwa kadi yake. Namba ya siri ikifika, laini iko hai.

## Hatua ya 8: Nyumba na wazee

Mkataba wa nyumba wa miezi sita upangieni tarehe. Msilipe awamu mpya wiki mbili kabla ya kuondoka kwa sababu ya aibu ya kumwambia mwenye nyumba. Mwambieni mapema, kwa maandishi.

Wenye nyumba yao, kiwanja Buhongwa au shamba Kisesa, wampe mtu mmoja hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili. Iwe ya mambo yaliyotajwa: kupokea kodi, kulipia umeme, kufuatilia hati ya kiwanja. Hati isiyo na mipaka ni hatari hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Kuaga kunafanyika kwa miguu. Nendeni kwa wazazi wa pande zote mbili, mkae nao, mueleze kwamba mtaendelea na kazi ile ile na mtarudi lini. Mzee akiambiwa kwa simu ataelewa kwamba mmehama moja kwa moja na kupata kazi kubwa. Hapo ndipo michango inapoongezeka.

Nayo michango iwe na mstari wake kwenye bajeti. Harusi, msiba, ada ya mdogo wenu: kundi la WhatsApp la ukoo halijui habari za saa za Malaysia. Pangeni kiasi cha mwezi, nusu upande wa mume na nusu upande wa mke, na kikiisha kimeisha. Sijaona wanandoa wakigombana nje kwa ajili ya intaneti. Wanagombania aliyetuma fedha kwao bila kumwambia mwenzake.

## Hatua ya 9: Maombi yenyewe

Karatasi zenye muda mfupi wa uhai ndizo za mwisho kutafutwa. Cheti cha tabia njema cha Polisi kinahitaji alama za vidole, na balozi nyingi hukitaka kikiwa cha miezi mitatu au sita tu. Mkikitafuta mwanzoni kitazeeka droo ya kabati.

Bima ya afya ilingane na muda wa viza na imtaje kila mmoja kwa jina la pasipoti. Someni sehemu ya visivyolipwa: ujauzito, meno, pikipiki. Kama mna mpango wa mtoto mwaka huo, swali la ujauzito liulizwe kabla ya kulipa, kwa sababu bima nyingi za wasafiri haziugusi.

Tumeni maombi mawili siku moja, kila faili likiwa na jina linaloeleweka: CHETI-NDOA, STETIMENTI-MKE-JANUARI. Ambatanisheni barua ya ukurasa mmoja inayosema ninyi ni nani, mnafanya kazi gani, mtakaa wapi, mtarudi lini.

Msikate tiketi isiyorudishika kabla viza zote mbili hazijatoka. Moja ikitoka na nyingine ikachelewa, mnasubiri. Mmoja asitangulie kwenda kutafuta nyumba, hata kama dalali wa huko anawahimiza kwa simu. Pasipoti zote mbili ziwe na zaidi ya miezi sita ya uhai siku ya kuingia.

## Hatua ya 10: Mizigo na safari

Laptopu, chaja, adapta, diski ya kuhifadhi nakala, dawa za miezi mitatu na cheti cha daktari, nyaraka halisi. Hivi vyote viende kwenye begi la mkononi, na vigawanywe: pasipoti ya mume na nakala za mke begi moja, kinyume chake lingine.

Adapta hazihitajiki Malaysia. Rwanda na Thailand zinahitajika. Mauritius mtakuta soketi za aina mbili, chukueni moja tu.

Dagaa wa Mwaloni, sangara mkavu, karanga kutoka kwa bibi: ulizeni sheria za forodha za nchi hiyo kwanza. Vyakula vya samaki na mbegu hudaiwa kutangazwa uwanjani na mara nyingi hutupwa. Mkibeba, tangazeni kwenye fomu.

Kadi ya homa ya manjano ikaguliwe majina. Tangu 2016 chanjo moja inahesabiwa ya maisha, hivyo yule anayewaambia mchanje upya kwa sababu miaka 10 imepita amepitwa.

## Hatua ya 11: Siku 30 za mwanzo

Pangeni chumba cha wiki mbili tu kabla ya kufika, karibu na mahali penye intaneti mliyoisoma kwa waliokaa hapo. Tafuteni nyumba mkiwa huko, kwa macho. Malaysia mwenye nyumba hutaka amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya kwanza, na nusu mwezi ya maji na umeme. Pimeni intaneti chumbani kabla ya kusaini, saa ile ile ambayo mmoja wenu huwa kazini.

Majina ya wote wawili yaingie kwenye mkataba wa nyumba. Benki au uhamiaji wakitaka uthibitisho wa makazi, mtegemezi asiye na jina popote huanza kuhangaika.

Wateja waambiwe saa mpya kwa maandishi, na msibadilishe kiwango cha malipo mwezi huo. Mwezi wa kwanza kazi ipungue kidogo kuliko kawaida, kwa sababu foleni za uhamiaji na kutafuta sufuria vinakula siku.

Thailand mwenye nyumba anapaswa kutoa taarifa uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba mgeni analala kwake. Mwombeni nakala. Na mkikaa siku 90 mfululizo, kila mmoja wenu anatoa taarifa yake ya makazi, mke na mume kila mtu na fomu yake. Tarehe hiyo iandikwe kwenye simu zote mbili siku ile ile mnapogongewa muhuri uwanjani.